Pasaka ya Mwaka 1942: Amiri wa Manowari na Mkewe

(Hotuba iliyosomwa Wete, Pemba, mbele ya masheha, walimu na wazee.)



Tuliombwa tangu mwezi uliopita tuje tuseme neno juu ya vita vilivyoanza mwaka 1939 vikaisha mwaka 1945. Mzee mmoja alipotukuta njiani alitunasihi tusiwachoshe watu kwa hesabu ya mizinga, maana, alisema, kila asemaye habari ya vita husema habari ya mizinga. Neno lake lilituingia. Sisi kazi yetu ni ukarani. Tumezoea kalamu na wino, na silaha nyingine hatujapata kushika. Basi leo tutasema juu ya barua, tena barua za mtu mmoja na mkewe, ingawa mizinga itasikika kwa mbali, kwa kuwa mtu huyo alikuwa Amiri wa manowari.

Jina lake James Somerville. Alizaliwa mwaka 1882, akaingia kazi ya manowari angali kijana mdogo, kama ilivyokuwa desturi ya Waingereza zama zile. Mwaka 1913 alimwoa Bibi Mary, ambaye jamaa zake walimwita Molly, wakapata mwana mmoja na binti mmoja. Mwaka mmoja tu baada ya harusi vikaja vita vya kwanza, vile vya 1914, na tangu hapo yule bibi alijifunza maana ya kuwa mke wa baharia. Ninyi watu wa pwani hamhitaji kuelezwa. Mnajua nyumba ambayo mlango wake hutazama baharini, na mnajua macho ya mwanamke yanapotafuta tanga.

Mwaka 1939 madaktari walimdhania Somerville kuwa ana kifua kikuu, akastaafishwa. Alikuwa na umri wa miaka 56. Hapana shaka mkewe aliona kwamba bahari sasa imemrudisha mumewe, ingawa imemrudisha mgonjwa, na kwamba sikukuu zilizobaki watazila pamoja. Haikuwa hivyo. Vita vya pili vilipoanza mwaka ule ule alijitoa tena, na mwaka 1940 akapewa manowari za Gibraltar, pale mlangoni mwa bahari ya Mediterania.

Hapa twataka msikilize jambo moja kabla hatujafika kwenye sikukuu yenyewe, kwa sababu ndilo linaloonyesha barua zake zilikuwa za namna gani. Tarehe 3 Julai 1940 aliamriwa aende Mers-el-Kébir, karibu na mji wa Oran katika nchi ya Algeria, ambako manowari za Wafaransa zilikuwa zimetia nanga. Ufaransa ilikuwa imeshindwa na Wajeremani siku chache tu zilizopita, na Waingereza waliogopa manowari zile zisije zikaingia mikononi mwa adui. Wafaransa waliambiwa wachague: wafuatane na Waingereza, au wazipeleke manowari zao mbali, au wazizamishe wenyewe, la sivyo watapigwa. Maneno yalikwenda yakarudi mchana kutwa. Jioni Somerville akapiga. Wafaransa zaidi ya 1,200 walikufa, watu waliokuwa rafiki zake wa vita mwezi mmoja nyuma. Baadaye alimwandikia mkewe kwamba jambo lile lilikuwa kosa kubwa la watawala, na kwamba yeye na watu wake wote waliona haya.

Tuseme kweli, tulipojua habari hii tulisita. Mkubwa wa vita anaamriwa, anatii, kisha anamwandikia mke wake kwamba ameona haya! Wako watu, hata hapa Pemba, watakaosema kwamba huo ni udhaifu, na kwamba mwanamume hamfungulii mkewe moyo kiasi hicho. Sisi hatuoni hivyo. Angemwambia nani? Wakubwa zake ndio waliomtuma, na walio chini yake walipasa kumwona imara. Amebaki mtu mmoja duniani wa kumwambia, naye yuko ng'ambo ya bahari.

Basi desturi yake ilikuwa kumwandikia karibu kila siku, awe bandarini au baharini. Barua hazikuondoka kila siku, maana manowari iliyo katikati ya bahari haina posta. Ziliwekwa zikangoja meli au ndege ya kuzichukua, na mara nyingine zikafika nyingi kwa pamoja. Alikuwa mtu mcheshi sana, mwenye mizaha ambayo mingine haifai kusomwa mbele ya walimu.

Sasa tuje kwenye Pasaka.

Mwanzo wa mwaka 1942 mambo ya Waingereza upande wa mashariki yalikuwa yameharibika. Singapore ilitekwa na Wajapani tarehe 15 Februari. Rangoon, mji mkuu wa Burma, ulianguka tarehe 8 Machi. Mwezi ule wa Machi Somerville alifika Colombo katika kisiwa cha Ceylon, ambacho leo huitwa Sri Lanka, akakabidhiwa manowari zote za Bahari ya Hindi. Zilikuwa nyingi kwa kuhesabu, bali katika zile kubwa nne zilikuwa kuukuu, zilizojengwa zama za vita vya kwanza, zenye mwendo mdogo na matangi ya maji yasiyotosha.

Mwisho wa Machi waliokuwa wakisikiliza simu za upepo za Wajapani walimletea habari kwamba adui anakuja kupiga Ceylon, yamkini siku ya kwanza ya Aprili, wakati wa mbalamwezi. Somerville akazikusanya manowari zake kusini ya kisiwa, akamngoja. Mchana alirudi nyuma asionekane na ndege; usiku alisogea mbele, maana tumaini lake lilikuwa kumvizia gizani. Adui alikuwa na manowari 5 kubwa zichukuazo ndege, naye alikuwa nazo 2 kubwa na moja ndogo. Kupambana mchana kungekuwa kujiua.

Akangoja usiku wa kwanza, wa pili, wa tatu. Hakuna kitu. Siku ya Alhamisi tarehe 2 Aprili zile manowari kuukuu zilikuwa karibu kuishiwa maji ya kunywa, na jioni akatoa amri ya kwenda Addu, katika visiwa vya Maldivi, kuliko na bandari ya siri. Ijumaa Kuu wakawa njiani. Alipoona hatari imepita, alizitoa manowari tatu katika kundi: Dorsetshire iende Colombo kumalizia matengenezo, Cornwall iende kulinda misafara, na Hermes, ile ndogo ya kuchukua ndege, iende Trincomalee. Amri zote hizo zilikuwa na maana njema wakati zilipotolewa.

Jumamosi mchana wakafika Addu, wakaanza kutia mafuta na maji. Jioni ile ile rubani mmoja wa Kanada, jina lake Leonard Birchall, aliyekuwa akiruka peke ya ndege yake mbali kusini na mashariki ya Ceylon, aliziona manowari za Japani zinakuja. Aliwahi kupeleka habari kwa simu ya upepo kabla ndege yake haijaangushwa. (Alitekwa, akakaa kifungoni hata vita vikaisha, na aliishi mpaka mwaka 2004.) Habari ilipomfika Somerville yeye alikuwa mbali maili 600, na mabomba ya mafuta yakali ndani ya manowari zake.

Hivyo ndivyo alivyoingia katika Pasaka. Usiku wa manane aling'oa nanga na zile zenye mwendo, akaziacha kuukuu zimfuate. Alfajiri ya Jumapili tarehe 5 Aprili, saa ambayo Wakristo huamka kwenda kanisani, ndege za Japani zilikuwa zinakaribia Colombo. Waliupiga mji na bandari. Dorsetshire na Cornwall zilikuwa zimekwisha kutoka Colombo usiku, zinakimbia kwenda kuungana na mkubwa wao. Mchana ndege za Japani ziliziona. Zilikuja kutoka upande wa jua, zaidi ya 50, na kwa muda usiotimia nusu saa manowari zote mbili zilikuwa chini ya maji.

Watu 424 walikufa. Waliobaki walikuwa 1,122, nao walikaa majini na juu ya vipande vya mbao tangu mchana wa Pasaka, usiku kucha, na siku ya pili karibu kutwa, katika jua mnalolijua ninyi wavuvi. Mashua zilikuwa chache, walitiwa waliojeruhiwa. Wengine waliambiwa wakae pamoja wasitawanyike. Nahodha wa Dorsetshire, jina lake Agar, alikuwa pamoja nao majini. Jumatatu ya Pasaka jioni Somerville alizituma Enterprise, Paladin na Panther, zikawaokota. Likumbukeni jina la Paladin, maana tutalirudia.

Siku ya Alhamisi tarehe 9 Aprili Wajapani wakaipiga Trincomalee, na Hermes nayo ikazamishwa pamoja na Vampire iliyokuwa ikiilinda. Katika Hermes peke yake walikufa watu 307.

Zile manowari tatu alizozitoa katika kundi kwa amri yake mwenyewe Ijumaa Kuu ilipokaribia, zote tatu zilipotea kabla juma la Pasaka halijaisha. Wako waliomlaumu baadaye, na hata leo waandikao mambo ya vita vya bahari hawajapatana juu yake. Sisi hatuna elimu ya manowari ya kutuwezesha kuhukumu. Tunachokiona ni mzee wa miaka 59, aliyetolewa kazini kwa ugonjwa, amesimama juu ya sitaha usiku wa Pasaka akiwatafuta maadui ambao akiwaona mchana watamwua, na asipowaona watawaua watu wake.

Na mkewe je? Pasaka ile katika Uingereza ilikuwa Pasaka bila kengele. Kengele za makanisa zilikatazwa kupigwa tangu Juni 1940, maana zilikuwa zimewekwa ziwe ishara ya kuja kwa adui. Hazikulia tena mpaka Novemba 1942. Sisi tuliolelewa misheni, ambao tangu utoto kengele ndiyo iliyotuamsha, ikatuita darasani, ikatulaza, tulipojua jambo hili lilitugusa kuliko habari ya chakula. Nacho chakula kilikuwa kwa cheti: nyama, sukari, siagi, chai. Mayai, ambayo kwa Waingereza Pasaka haiwi Pasaka pasipo hayo, mtu mzima alipata yapata moja kwa juma, tena yakipatikana. Na katika redio zikatangazwa habari kwamba Colombo imepigwa. Mke wa Amiri hakuwa na haki ya kujua zaidi ya mke wa mpishi wa manowari. Barua aliyokuwa nayo mkononi ilikuwa imeandikwa majuma mengi nyuma, na ilisema mambo mema.

Hilo ndilo gumu la barua. Waraka ni nusu ya kuonana, ndivyo wasemavyo wazee, na ni kweli. Lakini ni kuonana na mtu wa juma lililopita, au mwezi uliopita. Mwanamke anasoma kwamba mumewe ni mzima, na huku pengine amekwisha kufa. Zaidi ya hayo, wakati wa vita mabaharia walikatazwa kuandika walipo, walipotoka na waendako. Barua za mabaharia wa kawaida zilisomwa kwanza na maofisa wao, na neno lisilofaa likafutwa. Fikirini mwandikaji aliyejaa maneno ya nyumbani, naye anajua kwamba ofisa ambaye kesho atampa amri atayasoma maneno yale kwanza! Wengi waliandika juu ya hali ya hewa.

Baada ya msiba ule Somerville aliona kwamba manowari zake hazina salama Ceylon, akazirudisha huku kwetu. Zile kuukuu zilipelekwa Kilindini, Mombasa, naye mwenyewe akafanya makao yake huko. Mtu akisimama kwenye mnara wa taa wa Ras Kigomasha, Mombasa iko kaskazini yake, yapata maili 50 za baharini. Kwa hiyo habari hii tunayoisema si ya mbali. Ile bandari ambayo mashua za Pemba zilikwenda kuuza na kununua, ilijaa manowari kubwa kuliko zote zilizopata kuonekana katika pwani hii.

Walimu watapenda kujua kwamba wale wasikilizaji wa simu za upepo nao walihamishwa kutoka Colombo wakaja Mombasa, na nyumba waliyopewa ilikuwa skuli: Skuli ya Allidina Visram, iliyo juu ya bahari. Madarasa yakawa vyumba vya siri. Humo walikaa watu wa hesabu na wa lugha, na mabinti wa Kiingereza waliovaa mavazi ya kazi ya manowari, wakifumbua mafumbo ya Wajapani. Katika mwaka ule ule wa 1942 walifaulu kulifumbua fumbo la meli za biashara za Japani. Mwaka 1943 walirudi Ceylon, na manowari nazo zikarudi.

Na Pemba? Hapa vita viliingia kwa njia ya sufuria. Mchele wa Visiwa ulikuwa ukitoka sana Burma, na Burma ilipotekwa, mchele ukakatika. Watu waliambiwa walime vyakula, na muhogo ukashika mahali pa wali. Idi ya Mfunguo Mosi ya mwaka 1942 iliangukia Oktoba, na katika nyumba nyingi ililiwa bila wali. Msidhani kwamba kukosa wali wa Idi ni jambo dogo kuliko kukosa yai la Pasaka. Na walikuwako vijana wa Unguja na Pemba walioingia kikosi cha mabaharia wa kujitolea cha Visiwa, na wengine walioajiriwa katika meli; mama zao na wake zao waliila sikukuu ile huku wanatazama mlango.

Twaomba ruhusa tuingize jambo letu wenyewe, maana bila hilo hatungekuwa na sababu ya kusimama hapa.

Tulipokuwa tungali wapya katika ukarani, mama mmoja wa Kojani alitujia ofisini. Mnawajua wavuvi wa Kojani: huenda dago, wakapiga kambi mbali, Mafia, Tanga, hata Mombasa, wakakaa miezi. Ramadhani ilikuwa inaisha, mumewe yuko dago, naye alitaka tumwandikie barua fupi, kwa kuwa kulikuwa na mashua iliyokuwa inaondoka kesho. Siku ile tulikuwa na hesabu za kufunga. Tulimwambia, kwa adabu lakini kwa haraka, aje baada ya sikukuu. Alishukuru akaenda zake. Hatukumwuliza alitaka kuandika nini.

Mumewe aliporudi, miezi miwili baada ya Idi, ndipo tulipopata habari. Alipoondoka nyumbani alimwacha mtoto wao mdogo ana homa kali. Siku ya Idi, wenzake walipokuwa wakioga, wakivaa na kwenda kusali, yeye alikaa kambini hakutoka, kwa kuwa moyoni mwake mtoto alikuwa amekwisha kuzikwa. Na mtoto alikuwa mzima tangu siku ya tatu ya homa. Barua ile ingekuwa na maneno matatu: mtoto hajambo sana. Tungeyaandika tumesimama.

Yule mvuvi hakutulaumu. Alituletea samaki. Tangu siku ile mtu akija kwetu kuomba barua, hesabu hungoja.

Wakati wa vita walitafuta njia ya kufupisha kungoja huku. Barua kwa meli, kwa kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema kusini ya Afrika, ilichukua miezi, na nyingine ilizama pamoja na meli. Katika mwaka 1941 ilianzishwa barua ya picha: mtu aliandika katika karatasi moja maalumu, karatasi ikapigwa picha ndogo sana kama ukucha, na picha za barua nyingi mno zikatiwa katika kifuko chepesi kikapelekwa kwa ndege, zikifika, zikakuzwa na kupigwa chapa, mwenyewe akapelekewa. Ukurasa ulikuwa mmoja tu. Waliojua kuandika walilalamika kwamba hautoshi. Wengi waliona hata huo ni mrefu, wakajaza nusu kwa kutaja majina ya ndugu wa kusalimiwa, kama tufanyavyo sisi.

Lakini wako ambao hawakufikiwa na njia hiyo wala nyingine. Mapema katika Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail iliondoka Kilindini katika msafara kwenda Colombo. Ndani yake walikuwamo watu 1,511. Walio wengi walikuwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, wa kikosi cha 301, wanaokwenda kupigana Burma. Tena mabaharia, na wauguzi wa kike, na mabinti wa kazi ya manowari. Tarehe 12, siku ya Jumamosi mchana, karibu na Maldivi, manowari ya Japani iendayo chini ya maji iliipiga kwa topido mbili. Meli ilizama kwa muda wa dakika mbili. Walikufa watu zaidi ya 1,200; wanawake waliookoka walikuwa 6 tu. Manowari mbili za ulinzi ziliitafuta ile ya adui zikaizamisha. Moja ya hizo ilikuwa Paladin, ile ile iliyowaokota watu wa Dorsetshire na Cornwall siku ya Jumatatu ya Pasaka miaka miwili nyuma.

Mkubwa wa Bahari ya Hindi siku ile alikuwa bado Somerville.

Fikirini habari ilivyosafiri. Kwa mke wa ofisa ilikwenda simu, na baada ya simu barua, na baada ya barua ya serikali zikafika barua za mumewe mwenyewe alizoziandika kabla ya kufa, nazo ziliwekwa sandukuni. Kwa mke wa askari wa mizinga, kijijini bara, asiyejua kusoma, habari ilikwenda kinywani mwa mzee wa mji, baada ya siku nyingi, na hakuna karatasi iliyoifuata yenye mkono wa mume wake. Askari wengi hawakujua kuandika, na aliyejua alimwandikia mwenziwe, kisha wote wawili wakazama pamoja. Mwanamke aliambiwa tu kwamba mumewe amekufa baharini. Naye pengine katika maisha yake hakupata kuiona bahari.

Hapa ndipo tunapotaka walimu watusamehe tukiwaambia neno. Mtoto anayefundishwa kuandika hufundishwa kwanza kunakili, kisha insha, kisha barua ya kuomba kazi. Barua ya nyumbani huonekana kuwa haina haja ya kufundishwa. Watoto wetu wakubwa huandika: mimi ni mzima, hofu na mashaka ni kwako, kisha husalimia watu ishirini, kisha basi. Tumesoma barua nyingi za namna hiyo kwa sauti mbele ya mama zao, na tumeona nyuso za mama zile zikingoja. Hungoja neno moja lisilotoka kwa karani, na aghalabu halimo. Somerville hakuwa mwandishi wa vitabu. Alimwambia mkewe alikula nini, nani amemchosha, nani amemchekesha, na mara moja kwamba ameona haya.

Imebaki habari ya mwisho wao.

Somerville aliondoka Bahari ya Hindi mwaka 1944, akapelekwa Washington, Marekani, kuwa mjumbe wa manowari za Uingereza huko. Bahari nyingine tena kati yake na nyumba yake. Tarehe 8 Mei 1945, siku vita vya Ulaya vilipotangazwa kuwa vimekwisha, alipandishwa daraja ya juu kabisa ya wakubwa wa manowari. Mwaka huo huo wa 1945 Bibi Mary alifariki dunia. Walikuwa wameoana miaka 32, na katika hiyo vita viwili vikubwa vilichukua kumi.

Yeye aliishi miaka minne zaidi, akafa tarehe 19 Machi 1949 huko Dinder, katika jimbo la Somerset. Karatasi zake zimewekwa Cambridge, katika Chuo cha Churchill, na nyingi zilipigwa chapa kitabuni mwaka 1995. Katika zile zimo barua kwa mkewe, zimepangwa kwa tarehe. Yule bibi alikuwa amezitunza zote.